Ripoti Umekabidhi, Mteja Yuko Wapi? Mwongozo kamili wa kubaki na mteja baada ya ukaguzi wa nishati

Mwaka wangu wa kwanza wa kazi hii hapa Mwanza nilifanya kaguzi kumi na moja za nishati: viwanda vya Nyakato na Igogo, hoteli mbili upande wa Capri Point, shule moja ya bweni njia ya Kisesa, na wengineo. Mwaka uliofuata, katika hao kumi na mmoja, aliyenipigia simu alikuwa mmoja tu, naye alitaka namba ya fundi jenereta. Siku moja nikapita kwenye mojawapo ya zile hoteli kusalimia. Ripoti yangu ya kurasa 84, yenye jalada la plastiki, nikaikuta mapokezi chini ya mguu wa printa, imewekwa ili printa isitikisike.

Nilichojifunza siku ile ni kwamba nilikuwa nauza karatasi. Karatasi ikishapokelewa na hundi ikishaandikwa, biashara imekwisha. Kinachorudi kwa mteja kila mwezi, atake asitake, ni bili ya umeme. Mshauri anayetaka kubaki na mteja ajishike kwenye bili. Hatua zote zilizo hapa chini zinatoka hapo.

Hatua ya 1: Anzia kwenye kotesheni

Wengi wetu huanza kuwaza kazi ya pili siku ya kukabidhi ya kwanza. Umechelewa. Kotesheni yako ya mwanzo kabisa iwe tayari na marejeo matatu ndani yake, yaani ziara za kurudi kwa mteja baada ya ripoti: siku ya 30, mwezi wa 3 na mwezi wa 12, bei yake imeshajumlishwa. Mteja anayelipa bei moja huona marejeo ni haki yake na atakudai uyafanye. Ukija kuyaomba baadaye, ataona umerudi kuomba nauli.

Ndani ya kotesheni hiyohiyo weka vitu viwili unavyovihitaji kutoka kwake. Kwanza, bili za miezi 24 iliyopita. TANESCO huwapanga wateja kwa madaraja ya bei, T1 ya matumizi ya kawaida, T2 na T3 za wakubwa. Walio kwenye T1 na wanaotumia LUKU wakupe historia ya manunuzi, na walio T2 au T3 wakupe bili zenyewe zenye uniti na kVA (kipimo cha mzigo mkubwa kabisa waliouvuta kwa mpigo). Usikubali miezi 12. Ziwa letu halina miaka miwili inayofanana, na mwaka mmoja peke yake unaweza kukudanganya vibaya. Pili, hesabu za uzalishaji za miezi hiyohiyo: tani za samaki, vyumba vilivyolaliwa, marobota ya pamba, idadi ya wanafunzi.

Kisha ongeza mstari mmoja ambao mimi nauthamini kuliko yote: "Mteja ataendelea kumtumia mshauri nakala ya bili na takwimu za uzalishaji kila mwezi kwa miezi 12 baada ya ripoti." Mkurugenzi atasaini bila kuusoma mara mbili. Mstari huo ndio mlango wako wa kurudia.

Hatua ya 2: Usitoke kiwandani mikono mitupu

Ukaguzi ukiisha, acha kitu kimoja kimebadilika palepale, kabla ripoti haijaandikwa. Ninachokipenda ni upepo wa kompresa, kwa sababu hauhitaji kununua chochote na kila mtu anausikia ukivuja.

Chagua wakati kiwanda kimesimama, Jumapili au saa ya chakula. Mashine zote zinazotumia upepo zizimwe, kompresa iachwe iwake. Shika saa. Pima dakika inazofanya kazi ya kujaza, kisha dakika inazopumzika, urudie mara nne au tano upate wastani. Dakika za kujaza ugawe kwa jumla ya dakika zote. Ikijaza dakika 3 na kupumzika 7, basi asilimia 30 ya nguvu yake inaishia kwenye matundu. Kiwango hicho si cha ajabu mahali pasipotunzwa. Kwa kompresa ya kilowati 37 inayobaki na upepo saa 20 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, hizo ni karibu uniti 5,800 zinazopulizwa hewani kila mwezi.

Chukua ndoo ya maji ya sabuni na brashi, zunguka na mafundi, funga kitambaa chekundu kila mnapoona mapovu. Halafu ondoka. Vile vitambaa vitakusemea kwa bosi wiki nzima.

Hatua ya 3: Ripoti iwe na ukurasa mmoja wa kweli

Kurasa 84 ziwepo, mkaguzi wa benki au mfadhili anaweza kuzitaka. Lakini mkurugenzi atasoma ukurasa wa kwanza, na mara nyingi atausoma akiwa ndani ya gari. Uandike kwa Kiswahili hata kama ripoti yenyewe ni ya Kiingereza. Uwe na kazi zisizozidi tatu. Kila kazi iwe na jina la mtu wa hapo kiwandani atakayeifanya, tarehe, gharama, na uniti zitakazopungua. Mapendekezo mengine ishirini na mbili yakae nyuma yakisubiri zamu yao.

Siku ya kukabidhi, usikubali kukutana na mkurugenzi peke yake. Omba awepo mhasibu na fundi mkuu. Mhasibu ndiye anayezishika bili, fundi ndiye anayezishika swichi, na mkurugenzi yumo safarini nusu ya mwezi. Kabla ya kunyanyuka, tarehe ya siku ya 30 iandikwe kwenye simu za watu wote wanne mliomo chumbani.

Hatua ya 4: Siku 30 za kwanza

Hapa ndipo wateja wanapopotea. Hawapotei kwa kukasirika. Pendekezo la kwanza linagoma, wanaona aibu kukuambia, basi wanarudi walikotoka kimyakimya.

Mfano ni kosa langu mwenyewe. Hoteli moja ya ufukweni niliishauri ibadilishe taa zote za nje ziwe za LED. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Wakanunua, tena kwa haraka, nyeupe zile kali. Usiku vijidudu vya ziwani, vile vinavyoonekana kwa mbali vikipanda juu ya maji kama moshi, vikazivamia taa. Asubuhi meza za nje zimefunikwa, wageni wanalalamika, wahudumu wanafagia kwa madebe. Wiki ya pili wakarudisha taa za zamani. Mimi nilijua baada ya miezi mitano, tena kwa kusikia kwa dereva wa bodaboda aliyekuwa na ndugu yake jikoni pale.

Dawa yake ilikuwa rahisi: LED za rangi ya manjano, zifungwe chini, mbali na milango na meza, na zielekee ardhini. Mwanga wa manjano huwavuta wadudu kidogo kuliko mweupe wenye ubluu. Ningerudi siku ya 30 ningeliona tatizo likiwa bichi.

Kwa hiyo siku hiyo nenda mwenyewe, si kwa simu. Zunguka eneo ukiwa na ule ukurasa wa kazi tatu. Uliza swali moja: "Ipi imewasumbua?" Usiulize kama wamefanya, watakujibu ndiyo.

Hatua ya 5: Ukurasa wa kila mwezi

Hii ndiyo kazi yenyewe, na nitakaa hapa zaidi.

Kila bili ikitoka, mteja apate kwako ukurasa mmoja unaojibu swali hili: kwa kazi tuliyofanya mwezi huu, tulipaswa kutumia uniti ngapi, na tumetumia ngapi? Ukilinganisha bili ya mwezi huu na ya mwezi uliopita tu utaumbuka. Chukua kiwanda cha samaki. Sangara wakipungua, bili inashuka, mkurugenzi anakusifu kwa jambo usilolifanya. Sangara wakirudi, bili inapanda, anakulaumu kwa jambo usilolifanya. Sifa ile ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu umeipokea na sasa huwezi kukataa lawama.

Njia iko hivi. Chora zile bili za miezi 24: tani kwenye mstari wa chini, uniti kwenye mstari wa kusimama. Utapata nukta zinazopanda pamoja. Pitisha mstari ulionyooka katikati yake, programu yoyote ya majedwali itakufanyia. Mstari huo utakupa namba mbili. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umepata uniti 90,000 ambazo kiwanda hutumia hata kama hakuna samaki (vyumba vya baridi, taa, pampu), na uniti 300 zinazoongezeka kwa kila tani.

Sasa ona jambo linalowachanganya wengi. Mwezi wa tani 400 ulitarajiwa kula uniti 210,000, yaani 525 kwa tani. Mwezi wa tani 200 ulitarajiwa kula 150,000, yaani 750 kwa tani. Hakuna kilichoharibika, ni ule mzigo wa chini unaogawanywa kwa samaki wachache. Mshauri anayepeleka "uniti kwa tani" peke yake atakuwa anawatisha watu bure mwezi wa samaki haba.

Baada ya marekebisho, mwezi umekuwa na tani 250. Matarajio ni 165,000. Bili inasema 148,000. Uniti 17,000 zimeokolewa, na ukizizidisha kwa bei ya uniti iliyoko kwenye bili yake, mhasibu ataandika namba hiyo mwenyewe. Hapo umeacha kuwa mtu wa ripoti.

Kwa wenye mashine za kukausha au kusaga dagaa kule Kirumba na vijijini, kuna mtego mwingine. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka wavuvi hupumzika. Mwezi wa angani ni siku 29 na nusu, wa bili una siku zake. Kwa hiyo bili moja inaweza kubeba siku nyingi za giza kuliko nyingine bila mtu kufanya lolote. Pima kwa kilo zilizopita mashineni, tarehe za kusoma mita ziwe zilezile za kuhesabu kilo.

Kwa hoteli, tumia vyumba vilivyolaliwa badala ya idadi ya vyumba vilivyopo. Kwa shule ya bweni, ondoa kabisa miezi ya likizo kwenye mstari uichore peke yake.

Walio T2 na T3 waongezewe sanduku moja dogo chini ya ukurasa: kVA. Hapa ndipo mteja mkubwa anapopoteza pesa bila kujua. Mita hukamata kilele kimoja cha mwezi mzima na hicho ndicho kinacholipiwa. Umeme ukikatika kwa muda wa saa tatu vyumba vya baridi vikapata joto, ukirudi kompresa zote za baridi zinavuta kwa nguvu zote kwa pamoja, na kilele cha mwezi kimeshaandikwa. Andika utaratibu wa kuwasha kwa zamu, ubandike ukutani kwenye chumba cha swichi, kwa herufi kubwa. Pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli, nayo iangaliwe hapohapo. Mzigo wa kilowati 300 kwa pawa fakta ya 0.80 ni kVA 375. Ukiipandisha hadi 0.95 unakuwa kVA 316. Kapasita, vifaa vinavyoipandisha, zikifa, na huwa zinafa kimya, wewe utaona kwenye sanduku hilo kabla ya fundi wake.

Ukurasa huu ukishautengeneza mara moja, miezi inayofuata unakula dakika arobaini. Utume ndani ya siku tatu tangu upate bili. Ukichelewa wiki mbili mteja ameshalipa na ameshasahau.

Hatua ya 6: Fundi mkuu ndiye mteja wako

Fundi mkuu wa kiwanda kimoja aliwahi kuniambia tukiwa juu ya paa tunaangalia kondensa, ile sehemu ya mashine ya baridi inayotoa joto nje: "Mkuu, wewe ukija huku, jioni bosi ananiita kuniuliza kwa nini hayo yote sikuyaona mwenyewe." Alikuwa hanichukii. Alikuwa anajilinda, na kwa kujilinda alikuwa anahakikisha hakuna pendekezo langu linalofika mbali.

Toka siku hiyo, kila uniti iliyookolewa kwenye ukurasa wangu inaandikwa kwa jina la aliyeifanya. "Kondensa zilisafishwa na timu ya fundi mkuu tarehe 12." Kondensa iliyojaa vumbi na vijidudu vya ziwani hupandisha joto la gesi ndani yake, na kila nyuzi moja iliyopanda hula asilimia mbili hivi au zaidi ya umeme wa kompresa. Nilimweleza hilo fundi, yeye akampelekea bosi. Nani kalisema kwanza si muhimu kwako, maana wewe unalipwa vilevile.

Mnapokuwa na kundi la WhatsApp, liwe na watu wanne wasiozidi watano na kazi moja: picha ya mita kila Jumatatu saa mbili asubuhi. Picha za maua na "asubuhi njema wapendwa" zipigwe marufuku siku ya kwanza, kwa upole. Jumatatu mbili zikipita bila picha, piga simu. Kuna kitu.

Hatua ya 7: Ijue kalenda ya kila mteja

Mwenye kiwanda cha kuchambua pamba hana muda na wewe pamba inapokuwa njiani. Msimu wa kununua hufunguka kuelekea katikati ya mwaka. Mtafute Februari na Machi, mashine zimefunguliwa, mota ziko chini, na bajeti ya matengenezo bado ina kitu. Hoteli zinazopokea watalii wa Serengeti huwa bize Juni hadi Septemba na tena Desemba, basi kazi za viyoyozi na majiko ya maji moto ziwe Aprili na Mei. Shule ni likizo. Samaki hawana ratiba, ila kila kiwanda kina wiki za ukimya, muulize mtu wa mapokezi ya samaki, si meneja.

Hatua ya 8: Geuza marejeo kuwa malipo ya kila mwezi

Mwezi wa tatu ukifika una kurasa tatu mkononi. Sasa ndipo unaongelea mkataba. Wapo watakaokushauri ulipwe kwa asilimia ya kilichookolewa. Inasikika vizuri, lakini kwa mteja mpya mimi sishauri. Kila mwezi mtagombana: mvua ilinyesha, zamu ya usiku ilifutwa, mashine mpya imeletwa. Chukua kiasi kimoja kisichobadilika, kisizidi robo ya akiba ambayo kurasa zako zimeshaithibitisha. Mteja akihesabu anaona anabaki na tatu, wewe moja.

Mkataba useme wazi unafanya nini: ukurasa wa kila mwezi, ziara moja kila robo mwaka, mafunzo ya mafundi mara mbili kwa mwaka, na kukagua vipimo vya kifaa chochote kikubwa kabla hakijanunuliwa. Useme pia usichofanya, maana vinginevyo utaitwa kufunga soketi. Mteja akikata kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye ada yako, dai cheti chake mwezi uleule. Ukiacha hadi mwisho wa mwaka utakitafuta kwa tochi.

Kuhusu kamisheni za wauza vifaa: zitakuja, na zitakuja kwa bahasha nzuri. Mji huu ni mdogo. Muuza sola wa Rwagasore anakunywa chai na mhasibu wa mteja wako. Ukila mara moja, kila pendekezo lako la nyuma na la mbele litasomwa upya.

Hatua ya 9: Mteja akinyamaza

Usitume "nakukumbusha tu." Tuma namba. Kwa mfano: "Shikamoo mama. Bili ya Mei imezidi matarajio kwa uniti 9,400, na picha za mita zinaonyesha zimeanza wiki ya pili ya mwezi. Nadhani chumba cha pili cha baridi kimeacha kuyeyusha barafu yake. Fundi aangalie hita ya kuyeyushia." Ujumbe wa namna hiyo haujawahi kunyimwa jibu kwangu.

Meneja akibadilika, wengi hukata tamaa. Kwangu hiyo ni nafasi nzuri. Meneja mpya hajui lolote na anaogopa kuuliza walio chini yake. Mpelekee mstari wako wa miezi 24 pamoja na kurasa zote, mwambie kila kilichofanyika na nani alikifanya. Utakuwa mtu wa kwanza kumpa historia ya kiwanda chake.

Na asiyetuma bili miezi mitatu mfululizo, umempigia na umemtembelea, mwache. Andika barua fupi ya heshima kwamba huduma imesimama na data yake ipo salama, siku akiitaka ataipata. Nimewahi kuitwa tena na mmoja wa hao baada ya mwaka na nusu.

Ile hoteli ya printa nayo nilirudi. Nilikwenda na karatasi moja tu, mstari niliouchora kwa bili zao za zamani nilizokuwa bado nazo, nikamwomba dada wa uhasibu bili za mwaka ule. Tukaziweka nukta pamoja, mezani kwake. Alipoona miezi minne imekaa juu ya mstari akaita meneja, meneja akasema ripoti ile iletwe. Akaenda kuichomoa. Ilibidi tukunje boksi la karatasi tuliweke pale chini, maana printa ilikuwa katikati ya kazi.